Je, Mkristo Aweza Kuwa Peke Yake?



Mwezi uliopita tulimzika mzee mmoja wa mtaa wetu. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa jamaa zake wangali na uchungu, na wengi wenu mwamjua. Kwa miaka mingi alikuwa akikaa upande wa kushoto, karibu na nguzo ya pili, fimbo yake ameilaza chini ya benchi. Hakuwa mwanakwaya, wala hakuwa mzee wa kanisa, wala hakupata kusimama mbele kutoa tangazo. Alikuja, akasali, akapokea, akarudi nyumbani kwake. Kisha Jumapili moja hakuonekana. Jumapili ya pili hakuonekana. Ilipofika ya saba, jirani yake, ambaye ni Mwislamu, alikwenda kwa padre kumwarifu kwamba mzee yule yu mahututi, na kwamba amekuwa akiuliza kwa nini watu wa kanisa lake hawaji. Padre alikwenda usiku ule ule na Sakramenti. Siku tatu baadaye mzee akafariki.

Baada ya mazishi tulianza kuulizana. Yule aliyekuwa akikaa naye benchi moja alisema alidhani mzee amesafiri kwa mwanawe. Wazee wa kanisa walidhani akina mama wa Umoja wamekwisha kwenda kumwona. Akina mama walisema hawakuletewa habari. Padre alisema ana makanisa manne ya kuyahudumia, hawezi kuhesabu vichwa. Nasi tunaoandika haya, tunaokaa mabenchi matatu nyuma ya ile nguzo, tulikuwa tukipaona pale mahali patupu kila Jumapili, wala hatukumwuliza mtu.

Hiyo ndiyo sababu ya kushika kalamu. Siku hizi si nadra kusikia mhubiri akilaumu ubinafsi, na mara nyingi lawama yenyewe husafirishwa mbali: ati ubinafsi umetoka Ulaya, umekuja na fedha, na televisheni, na simu za mkononi, na vijana ndio walioushika. Haya yana ukweli wake. Lakini mzee wetu hakuachwa na vijana wenye simu. Aliachwa na watu wazima wa Kitabu cha Sala, wajuao majira ya Kanisa kuliko majira ya mvua.

Basi ubinafsi ni nini? Lugha yetu yatutatiza kidogo hapa. Neno nafsi ni neno zuri. Twaimba juu ya nafsi, twaombea nafsi za marehemu. Kutoka nafsi tukapata binafsi, nalo si baya: barua ya binafsi, maombi ya binafsi. Lakini ukiongeza herufi moja mbele, likawa ubinafsi, kila mtu huelewa kwamba wamtukana mtu. Ndiyo maana tukiambiwa tu wabinafsi twakana haraka. Twajitazama, hatuoni uchoyo. Tumemkopesha jirani sufuria, tumechangia harusi, basi neno hilo si letu.

Yuko Mfaransa mmoja, Alexis de Tocqueville, aliyesafiri Marekani miaka ya 1830 akaandika kitabu kikubwa juu ya nchi ile. Katika sehemu ya pili, iliyotoka mwaka 1840, alitenga mambo haya mawili. Kujipenda kupita kiasi, alisema, ni tabia ya zamani kama dunia. Jambo alilolikuta kule lilikuwa jingine, tena lilikuwa la kimya na la adabu: mtu hujitenga taratibu pamoja na jamaa yake na marafiki zake, akajitengenezea ulimwengu mdogo wa kumtosha, na ule ulimwengu mkubwa akauacha ujiendee. Mtu huyo hachukii mtu, wala haibi, na huenda akawa baba mwema nyumbani na mwenye kufika kanisani kabla ya kengele. Ila hajui aliyekaa mbele yake kama yu hai au amekufa.

Tukilipima hilo, sisi nasi tumo.

Kijana mmoja wa hapa kwetu, msomi, mwenye kazi nzuri mjini, alitwambia waziwazi kwamba haji tena kanisani ila Krismasi na Pasaka. Hakusema kwa jeuri. Alisema, Mungu hutazama moyo. Mimi na Mungu wangu twaelewana. Kanisani nikija nakuta masengenyo na michango. Nyumbani nafungua simu nasikiliza mhubiri wa Nairobi au wa Lagos anayehubiri vizuri kuliko padre wetu, na akinichosha namzima. Tulimsikiliza, na tukubali kwamba hatukuwa na jibu la papo hapo. Maana masengenyo yapo. Michango ipo. Na padre wetu, Mungu ambariki, si mhubiri wa kusafiri maili mbili kumsikiliza.

Lakini lile neno la mwisho, namzima, lilitukaa moyoni. Mhubiri unayeweza kumzima hawezi kukukemea. Atakupa unachokipenda, kwa muda unaoutaka, nawe hutamwona akiugua wala hatakuona ukiugua. Yule padre mwenye mahubiri makavu ndiye aliyetoka usiku na tochi kumpelekea mzee Sakramenti.

Wazee wetu waliotunga Kitabu cha Sala walilifikiri jambo hili kwa namna yao. Katika Kitabu cha mwaka 1662, mwishoni mwa ibada ya Ushirika, mna agizo ambalo wengi hupita bila kulisoma: padre asiadhimishe Meza ya Bwana pasipo watu wa kutosha kushiriki pamoja naye, hata mtaa ukiwa mdogo, wenye watu wazima wasiozidi 20, ni lazima wawepo wanne, au kwa uchache watatu, watakaopokea pamoja na padre. Angalieni jambo hilo lilivyo zito. Padre amewekwa wakfu, mkate upo, divai ipo, maneno yote ayajua kwa moyo, lakini akiwa peke yake amekatazwa. Sisi tuliolelewa na wamisionari wa UMCA hatukulishika agizo hilo kwa ukali wote, lakini maana yake twaijua kwa jina lenyewe. Twasema Ushirika Mtakatifu. Neno hilo hilo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walilichukua kwa chama chao kilichoundwa mwaka 1933, kwa kuwa gunia moja la mkulima mmoja halina bei. (Na wajuao Kiarabu hutwambia kwamba hata ushirikina umetoka katika shina hilo hilo. Si kila kushirikiana ni kwema, nasi tutalirudia jambo hilo.)

Mwaka 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoenea duniani, nchi nyingi zilifunga makanisa. Siku ya Pasaka mwaka ule Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, aliongoza ibada jikoni kwake Lambeth, watu wakamtazama kwa mitambo majumbani mwao. Walikuwako waliofarijika sana, hasa wagonjwa na wazee wasiotoka nje. Walikuwako pia waliouliza: kama jambo hili lawezekana, kwa nini turudi? Hatuwalaumu walioliuliza swali hilo. Lakini ni jambo moja mtu kunyimwa Ushirika akaulilia, na ni jingine kuzoea kuukosa mpaka akauona ni usumbufu. Mfungwa asaliye peke yake gerezani yu ndani ya Kanisa zaima. Aliyejifungia mlango kwa hiari yake, akaacha dirisha moja la kutazamia, huyo yu wapi?

Watu hupenda kuwataja watawa wa jangwani. Ati Antonio Mtakatifu wa Misri alikwenda kukaa peke yake, naye ni mtakatifu. Ni kweli alikwenda. Lakini kwanza aliitoa mali yake akawapa maskini, na kule jangwani watu walimfuata kwa makundi kuomba ushauri, naye hakuwafukuza. Tena Basili, askofu wa Kaisaria aliyekufa mwaka 379, alipowaandikia watawa kanuni zao aliwataka waishi pamoja, akawauliza swali ambalo hatujasikia lililojibiwa: ukiishi peke yako, utamwosha nani miguu? Bwana alijifunga kitambaa, akainama. Amri hiyo haitimiziki chumbani. Unyenyekevu wahitaji mtu wa kunyenyekewa, na subira yahitaji mtu wa kukuudhi, na hapo mtaa wetu wa kanisa haujapungukiwa hata kidogo.

Mwaka 2025 Makanisa ya duniani yaliadhimisha miaka 1700 tangu Mtaguso wa Nikea. Wale maaskofu walipoandika imani yao mwaka 325 waliianza kwa wingi: twasadiki. Baadaye Imani ile ilipoingizwa katika Misa ikageuzwa kuwa umoja, nasadiki, ndivyo ilivyokuwa kwa Kilatini na ndivyo ilivyo katika vitabu tulivyolelewa navyo. Vitabu vipya vya Uingereza tangu 1980 vimerudia wingi. Tumewahi kusikia watu wakibishana ni lipi bora, nasi twaona Kanisa limefanya vema kutunza yote mawili. Kwenye kisima cha ubatizo kila mtu huulizwa mwenyewe. Hakuna ukoo uwezao kumjibia mtu mzima. Lakini akishajibu hupewa sala ambayo ndani yake hamna neno yangu hata moja. Hebu ipitieni Sala ya Bwana polepole mkatafute. Mkate ni wetu, makosa ni yetu, hata hatari ya majaribu twaombewa wote kwa pamoja. Mwenye kusema mimi na Mungu wangu hana budi kuibadilisha kwanza sala aliyofundishwa na Mungu huyo.

Hapa wengi wataitikia Amina, kwa kuwa sisi Waafrika twapenda kuambiwa kwamba umoja ni wetu wa asili. Kasisi John Mbiti wa Kenya, mwana wa Kanisa letu la Anglikana, aliandika mwaka 1969 kitabu juu ya dini na falsafa za Kiafrika, na mawazo yake yakaenea dunia nzima: kwamba kwa Mwafrika mtu yupo kwa sababu wenzake wapo. Wahenga walikwisha kusema kwa maneno matatu, mtu ni watu. Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, aliliona jambo hilo kwa macho. Alitambua kwamba kijana Mkristo asiyepita jando hana mahali pa kusimama mbele ya wenzake, basi badala ya kumvuta mtu mmoja mmoja nje ya jamii yake, alilichukua jando lenyewe akaliweka chini ya msalaba. Walikuwako waliomlaumu. Sisi twaona alielewa kwamba Injili haikuja kuwafanya watu yatima.

Lakini tusijidanganye. Mbiti alikuwa akieleza hasa maisha ya vijijini. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiofika laki nne. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni tano na laki tatu. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya kupanga yenye milango minane, kila mlango na kufuli lake, hawezi kuwa mtu ni watu kwa kuambiwa tu kwamba babu yake alikuwa hivyo. Na hata hicho kijiji twakipamba mno. Ni watu wa kijiji kimoja, wenye umoja kamili, waliokubaliana kumwua bibi kizee kwa sababu macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni. Ni ukoo wenye umoja unaokaa kikao kumnyang'anya mjane shamba. Watu wengi wakikubaliana hawawi Kanisa kwa kukubaliana tu. Walikubaliana pia waliopiga kelele mbele ya Pilato.

Kwa hiyo mtu mmoja aliyesimama kinyume cha wengi hatumwiti mbinafsi moja kwa moja. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa tarehe 16 Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba ni ajali ya motokaa, watu hawakusadiki. Siku chache kabla yake, yeye na maaskofu wenzake walikuwa wamemwandikia rais barua ya kulaumu mauaji na uonevu. Tulitafakari sana juu ya barua ile. Luwum hakuwa mtu wa kundi, angekuwa wa kundi angenyamaza kama walivyonyamaza wengi. Wala hakuwa mtu wa peke yake; barua ilikuwa ya maaskofu wote, na yeye kama mkubwa wao ndiye aliyelipa. Alikuwa ameokoka mwaka 1948 katika Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Sisi wenye asili ya UMCA tuliwatazama Ndugu wale kwa jicho la pembeni, kwa kelele zao na kwa desturi yao ya kuungama dhambi hadharani. Lakini jambo moja lazima tuwape. Walisisitiza kuliko mtu yeyote kwamba wokovu ni wa mtu mwenyewe, hauji kwa kurithi wala kwa kubatizwa utotoni tu; na watu hao hao ndio waliokutana kila juma, wakajuana shida, wakapatanishwa na wake zao, Mhutu akakaa na Mtutsi, Mwafrika akamwambia Mzungu usoni kwamba ana kiburi. Yaliyo ya ndani kabisa ya nafsi yaliwatoa nje wakaonana.

Kwa mzee wetu mambo yalikwenda kinyume. Wote tulisema sisi. Kanisa litakwenda kumwona, tulisema mioyoni, na Kanisa ni watu mia tatu, na katika mia tatu hakuna hata mmoja aliyesema nitakwenda mimi. Twakiri hata uandishi huu wa sisi ni wa kujificha kidogo. Ni desturi ya jarida, lakini ni kivuli kizuri cha kukaa chini yake.

Tuna la kukiri zaidi, nalo ni gumu kuliko la mzee.

Miaka michache iliyopita Halmashauri ya Mtaa ilipitisha kadi za zaka. Kila kaya ina kadi yake, na mhazini hujaza kila mwezi. Sababu zilikuwepo. Nyumba ya padre ilikuwa yavuja. Waliokuwa wakitoa kila Jumapili ni wale wale, na wengi wao ni maskini, na walikuwako wenye magari waliokuwa wakitumbukiza sarafu kana kwamba wamlisha ndege. Huo nao ni ubinafsi: kula pilau ya wote na kuleta sahani tupu. Kadi ilikusudiwa kuwaaibisha hao. Kisha likaongezwa neno moja dogo, kwamba anayedaiwa zaidi ya mwaka mmoja hatapata huduma kamili. Kukiwa na msiba, hapigiwi kengele, kwaya haiendi, padre haendi, ila mwalimu wa dini atasoma sala fupi kaburini. Mkono ulipopigwa, sisi tuliunyosha.

Wa kwanza kuguswa hakuwa mwenye gari. Alikuwa mama mmoja muuza vitumbua, mjane, aliyefiwa na mtoto wa miaka sita. Walifungua daftari, kadi yake ilikuwa nyeupe miezi kumi na minne. Mwalimu alikwenda, akasoma sala fupi. Majirani wa mtaa, wa dini zote, ndio waliochanga sanda na chai. Padre wa wakati ule alihuzunika, lakini alisema hawezi kuvunja uamuzi wa Halmashauri, na Halmashauri ilisema haiwezi kuvunja utaratibu, na utaratibu, kama mjuavyo, hauna uso wa kuonewa haya. Yule mama hakugombana na mtu. Jumapili iliyofuata hakuja, na mpaka leo hajaja. Husali na wale wenye turubai karibu na soko.

Sasa twauliza, ni nani aliyekuwa mbinafsi pale? Hakuna aliyejitenga. Tulikaa kikao, tukafungua kwa sala, tukakubaliana. Lakini kadi ile ilikuwa imetubadilisha pasipo kujua. Ilikuwa imekwisha kumfanya Mkristo kuwa mteja na Kanisa kuwa duka: umelipa, utahudumiwa, hujalipa, daftari litasema. Katika duka hakuna viungo vya mwili mmoja, kuna watu wa foleni, kila mmoja na risiti yake. Ubinafsi huo ni mbaya kuliko ule wa kijana wa simu, maana yule ajua kwamba ametoka. Sisi twadhani tumo.

Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya karamu yao, katika sura ya kumi na moja ya barua ya kwanza. Wenye nafasi waliwahi, wakala chakula chao wenyewe, wakashiba na kulewa. Waliochelewa, na yaelekea ndio watu wa kazi na watumwa ambao saa zao si zao, walikuta hamna kitu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wote walikuwa wamekuja kanisani, tena mahali pamoja na siku moja. Mtume hakuwaambia kwamba karamu yao ina kasoro. Aliwaambia kwamba hicho wanachokula si chakula cha Bwana hata kidogo. Kisha akaendelea kuwaonya juu ya kula bila kuupambanua mwili. Tulipokuwa tukifundishwa kipaimara tulielezwa kwamba mwili huo ni Sakramenti, tusipokee ovyoovyo. Ni kweli. Ila kwa maneno yanayotangulia, mwili usiopambanuliwa ni pamoja na yule ndugu aliyekaa na njaa kando ya meza.

Dayosisi ya Zanzibar ilikuwa na askofu aliyelijua hilo. Frank Weston, askofu tangu 1908 mpaka alipokufa mwaka 1924, alipenda uvumba na mishumaa na kuiabudu Sakramenti kuliko sisi sote. Mwaka 1923 alihutubia mkutano mkubwa wa watu wa namna hiyo mjini London, na wakati walipotazamia awasifu kwa kupigania tabenakulo zao, aliwaambia kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu ndani ya tabenakulo kama hawamhurumii Yesu katika vibanda vya maskini. Watu wetu wazee walikuwa wakililisimulia neno hilo kwa fahari, kwamba askofu wetu alisema. Nasi twalisimulia. Kutoka kanisani kwetu hadi chumba cha yule mama ni mwendo wa dakika kumi.

Wengine watatwambia: je, tufute kadi, na bati za padre zilipwe na nani? Ni swali halali, nasi si watu wa kudharau mahesabu. Mhazini wetu ni mtu mwaminifu anayekesha na vitabu vile bila mshahara. Twafikiri zaka ibaki, na wenye magari waambiwe ukweli machoni, tena na padre mwenyewe, wala si kwa karatasi. Lakini daftari la zaka na daftari la mazishi yasiwe kitabu kimoja. Na mwenye kadi nyeupe miezi mitatu, mtu aende kumwona, si kumdai. Maana kadi nyeupe mara nyingi ni mtu asemaye kwamba ameanguka, kwa lugha pekee ambayo Kanisa limemwachia. Kama kadi zingesomwa hivyo, tungejua habari za mama yule mapema, kabla ya mtoto kufariki.

Juu ya mabenchi, wazee wa kanisa wameanza jambo dogo. Kila benchi limepewa mtu mmoja, si kamati, mtu mmoja mwenye jina, ambaye akiona mahali patupu Jumapili mbili ataondoka kwenda kuuliza. Benchi la nguzo ya pili tumepewa sisi. Kijana wa simu naye tulimwambia habari za mzee. Alinyamaza kitambo, akauliza mzee yule alikuwa akiishi nyumba ipi. Hatukuongeza neno.

Halmashauri itakaa Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya Misa ya pili. Suala la kadi limo katika ajenda, ni la sita, baada ya bati za nyumba ya padre. Safari hii hatutanyosha mkono kwa kufuata wenzetu. Lakini kabla ya kikao hicho tuna safari ya dakika kumi kuelekea sokoni, ambayo tumeiahirisha kwa miaka mitatu sasa, na hatujui tutakalosema tukifika.